Mfalme Mmoja, Sarafu Moja: Mwongozo wa Kukusanya Sarafu za Kale za Uingereza

Sarafu iliyonitia katika mambo haya haina sura ya mtu. Shangazi yangu wa Tanga aliifungua kutoka kwenye pindo la khanga yake siku niliyokuwa nasafiri, akanitia mkononi: senti kumi ya zamani, ina tundu katikati na pembe za ndovu zimepinda pembeni ya tundu. Nikaibeba miaka mingi kwenye pochi kama kumbukumbu ya nyumbani. Jioni moja nikaiweka chini ya taa, nikasoma maandishi yanayozunguka taji: EDWARDVS VIII REX ET IND IMP, mwaka 1936.

Edward wa Nane. Alikaa kwenye kiti cha ufalme wa Uingereza tangu Januari 1936 hadi tarehe 11 Desemba mwaka huohuo, akakiacha ili amwoe Wallis Simpson, Mmarekani aliyekuwa akidai talaka kwa mume wake wa pili. Kwao Uingereza hakuna sarafu yake iliyotolewa rasmi ili watu waitumie. Zilibaki za majaribio tu. Lakini Afrika Mashariki tulipata senti tano na senti kumi zenye jina lake, kwa sababu sarafu ya tundu haihitaji sura ya mfalme, na hivyo viwanda havikungoja picha yake ikamilike. Wauza samaki wa Tanga walishika jina la mfalme ambaye raia wake wa London hawakuwahi kumwona kwenye chenji yao.

Tangu siku hiyo nakusanya. Njia ninayomwelekeza kila anayeniuliza ni moja: usianze kwa kuwinda sarafu adimu, anza kwa kuwafuata watawala. Mfalme mmoja, sarafu moja, kisha rudi nyuma kidogo kidogo. Ukifanya hivyo utakuwa na mkusanyo wenye maana hata ukiwa na sarafu sita tu, na hutatapeliwa upesi kwa sababu utakuwa unajua unachokishika.

Kwanza, jifunze hesabu ya zamani

Hadi tarehe 15 Februari 1971, Waingereza walihesabu hivi: peni 12 ni shilingi 1, shilingi 20 ni pauni 1, yaani pauni moja ni peni 240. Wazee wetu wanaosema "paundi" wakimaanisha shilingi ishirini wamebaki na hesabu hiyohiyo.

Ndani ya mfumo huo kuna fathingi, ambayo ni robo ya peni, kisha nusu peni, peni, peni tatu, peni sita, shilingi, florini ya shilingi mbili, nusu krauni ya shilingi mbili na peni sita, na krauni ya shilingi tano. Za dhahabu ni sovereni, yenye thamani ya pauni moja, na nusu yake. Gini ni ya kale zaidi, na tangu 1717 ilihesabiwa shilingi 21. Usijilazimishe kukariri. Zikipita mikononi mwako mara tatu zitakaa zenyewe.

Pili, soma sarafu kabla ya kuuliza bei

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pengine pote, na ndipo ninapotaka nawe ukae. Maandishi ni ya Kilatini kilichokatwakatwa, lakini maneno yanayorudi ni machache. REX ni mfalme, REGINA ni malkia. DEI GRATIA, au D G, ni "kwa neema ya Mungu". FID DEF, wakati mwingine F D, ni "Mtetezi wa Imani". Cheo hicho Papa Leo wa Kumi alimpa Henry wa Nane mwaka 1521, kabla Henry hajagombana na Roma na kujifanya mkuu wa kanisa lake mwenyewe. Wafalme hawakukiacha cheo kile. Tangu George wa Kwanza, aliyeanza kutawala 1714, kimewekwa kwenye sarafu, na hadi leo kipo.

IND IMP maana yake ni mtawala wa himaya ya India. Malkia Victoria alipewa cheo hicho 1876, lakini kwenye sarafu za Uingereza kwenyewe kilianza kuonekana 1893. India ikapata uhuru 1947, na sarafu za mwaka 1949 zikatoka bila maneno hayo. Chukua peni mbili za George wa Sita, moja ya 1948 na nyingine ya 1949, uziweke pamoja mezani. Sura ni ileile. Kilichoondoka ni herufi sita, na herufi hizo sita ni India nzima.

BRITT OMN ni "wa Britania zote", yaani kisiwa chenyewe pamoja na makoloni. Maneno hayo yamo kwenye sarafu za Elizabeth wa Pili za 1953, na mwaka 1954 yakaondolewa, maana nchi zilizokuwa chini ya taji zilikuwa zimeshaanza kujitegemea.

Ukipata shilingi ya George wa Tatu ya 1787, geuza upande wa nyuma. Utakuta msururu wa herufi mojamoja, M B F ET H REX na kuendelea. Ile F ni Ufaransa. Edward wa Tatu alijitangaza mfalme wa Ufaransa mwaka 1340. Mji wa mwisho waliokuwa nao kule, Calais, ulitekwa 1558. Na bado wafalme wa Uingereza waliendelea kujiandika hivyo hadi 1801. Herufi za mwishoni ni vyeo vya Kijerumani, kwa kuwa ukoo huo ulitoka Hanover. Victoria aliporithi 1837, Hanover ilikwenda kwa ami yake kwa sababu sheria ya kule haikukubali mwanamke, na ngao ya Hanover ikatoweka kwenye sarafu.

Kisha tazama uso umeelekea wapi. Tangu Charles wa Pili, kila mtawala huelekea upande ulio kinyume na wa aliyemtangulia. Victoria anatazama kushoto, Edward wa Saba kulia, George wa Tano kushoto. Edward wa Nane ilikuwa zamu yake kutazama kulia, lakini akashikilia achorwe akitazama kushoto kwa kuwa aliupenda upande huo wa uso wake. Alipoondoka, mdogo wake George wa Sita akawekwa kushoto, kana kwamba kaka yake alikuwa ametazama kulia kama desturi inavyotaka. Elizabeth akafuata kulia, na Charles wa Tatu kushoto.

Tatu, nunua peni tano za kwanza

Peni ya bronzi ni mwalimu mzuri. Ni pana, karibu milimita 31, inasomeka bila miwani, na zilichapwa kwa mamilioni, kwa hiyo bei yake haimwumizi mtu. Tafuta moja ya Victoria, moja ya Edward wa Saba (1902 hadi 1910), moja ya George wa Tano (1911 hadi 1936), moja ya George wa Sita (1937 na kuendelea) na moja ya Elizabeth. Ongeza ile senti kumi yenye tundu ya 1936 kwa ajili ya Edward wa Nane, nawe umefunga zaidi ya karne moja kwa sarafu sita. Senti kumi hiyo si ghali, zilichapwa nyingi. Uliza wazee nyumbani kabla ya kununua. Sarafu za matundu zimelala kwenye makopo mengi ya vifungo, Mombasa, Kampala na Tabora.

Kwa Victoria, utataka zaidi ya moja. Alitawala miaka 63, na sarafu zinamwonyesha akizeeka. Kwenye peni za bronzi za 1860 hadi 1894 nywele zimefungwa kisogoni, ni msichana. Kuanzia 1895 ni mjane mwenye shela. Kwenye fedha kuna sura ya tatu katikati, ya 1887 hadi 1893, yenye taji dogo lililokaa juu kabisa ya kichwa, iliyotolewa kwa jubilei ya miaka 50. Wananchi hawakuipenda, na mimi pia naona taji lile linaelekea kuanguka, lakini mkusanyo bila sura hiyo una pengo.

Nunua kwenye magulio na maonyesho ya sarafu, mahali wauzaji wanapoweka beseni la sarafu mchanganyiko. Chagua kwa mkono, ukiwa na lenzi. Kwa mtandaoni, usitazame bei anayoitaka muuzaji, tazama bei ambazo sarafu kama hiyo imekwisha kuuzwa. Tofauti yake hushangaza.

Ukishika peni za 1912, 1918 na 1919, angalia kushoto mwa tarehe. Ukiona H ndogo, ilichapwa na Heaton, kiwanda cha watu binafsi cha Birmingham kilichosaidia serikali ilipozidiwa. KN ni King's Norton, pia wa Birmingham, kwa miaka 1918 na 1919 tu. Hizi ni za kuwekwa kando, hasa KN.

Nne, jua tarehe za fedha

Sarafu nyeupe za Uingereza zina mipaka miwili ya kukariri, na hii nakusihi uikariri kweli. Za 1919 kurudi nyuma ni fedha ya asilimia 92.5. Za 1920 hadi 1946 ni nusu kwa nusu, asilimia 50. Kuanzia 1947 hazina fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Mpaka wa kwanza uliletwa na bei ya fedha iliyopanda baada ya Vita vya Kwanza hadi chuma chenyewe kikawa ghali kuliko shilingi iliyotengenezwa nacho. Wa pili uliletwa na deni, maana Uingereza ilikopa madini ya fedha kutoka Marekani wakati wa Vita vya Pili na ilibidi iirudishe.

Nunua mizani ndogo ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Nusu krauni ina gramu 14.14, florini 11.31, shilingi 5.66, peni sita 2.83, na peni ya bronzi 9.4. Sarafu iliyochakaa hupungua kidogo, ikizidi, iache. Kwa hesabu ya haraka, nusu krauni ya 1915 ina gramu 13 za fedha safi, na ya 1935 ina 7. Hiyo ndiyo sakafu ya bei, usiuze chini yake.

Sovereni nayo ina gramu 7.98, upana wa milimita 22, na dhahabu ya karati 22. Mtakatifu George na joka lake ni kazi ya Mwitaliano Benedetto Pistrucci, ya 1817. Pwani na Ghuba utaiona zaidi shingoni mwa bibi harusi kuliko kwenye sanduku la mkusanyaji. Kama imechomelewa kikonyo, ilipe kwa uzito wa dhahabu tu.

Tano, kagua kama ni halisi

Anza na sumaku. Fedha, bronzi ya zamani na dhahabu hazivutwi, kwa hiyo sarafu ya Victoria inayorukia sumaku ni chuma kilichopakwa rangi. Fuata mizani, kisha ukingo. Ukiona mstari mwembamba unaozunguka ukingo wote, sarafu ilimiminwa kwenye kalibu ya vipande viwili, haikugongwa kwa chapa. Mwisho, lenzi: uso wenye vitundu vidogo kama ganda la chungwa ni wa kumiminwa.

Kuna mitego miwili maarufu. Mwaka 1887 peni sita mpya ilitoka na ngao upande wa nyuma, ikafanana mno na nusu sovereni. Wajanja wakazipaka dhahabu na kuzitumia kama shilingi kumi, mpaka serikali ikabadilisha mchoro mwaka huohuo. Ukiletewa "nusu sovereni" ya 1887, pima: peni sita ina gramu 2.83, nusu sovereni karibu 4.

Mtego wa pili ni peni ya 1933. Zilichapwa chache sana, zinazotajwa ni kama saba, na baadhi ziliwekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo. Moja iliibiwa kanisani Leeds mwaka 1970. Watu huchonga tarakimu ya peni ya mwaka mwingine ili isomeke 1933. Ukiikuta kwenye beseni, ni ya kuchongwa. Ndoto ya kweli zaidi ni peni ya 1951, zilizochapwa 120,000 tu na kupelekwa Bermuda, au ya 1950, ambazo ni 240,000.

Sita, hali ya sarafu

Wauzaji hutumia herufi: F ni iliyochakaa lakini inasomeka yote, VF imechakaa kidogo, EF ina michubuko michache sehemu za juu tu, UNC haijawahi kutumika. Usitegemee herufi za muuzaji, tazama sehemu zinazoinuka. Kwa Victoria wa nywele zilizofungwa, hesabu nyuzi za nywele juu ya sikio. Upande wa pili, mwanamke aliyeketi na mkuki wa ncha tatu ni Britannia. Angalia kifua na goti lake. Kama mikunjo ya vazi gotini imelainika na kuwa uwanda, hiyo si VF hata akiapa.

Saba, usisafishe

Nilinunua nusu krauni ya 1888 iliyokuwa imefifia, rangi ya kijivu yenye buluu kidogo ukingoni. Niliona ni uchafu. Nikaisugua kwa magadi na ndimu hadi ikawaka kama kijiko kipya. Nilipompelekea muuzaji mmoja mzee, aliigeuza mara moja tu chini ya taa. Mikwaruzo midogomidogo ilizunguka shavu la malkia kama nyuzi za buibui, yote ikielekea upande niliokuwa nikizungusha kidole. Akaiweka kwenye mizani akanitajia bei ya fedha. Ile buluu ilikuwa ni umri wake, miaka mia na zaidi ya hewa, na mimi niliiondoa kwa dakika tano. Bado ninayo, na nikiitazama naumia.

Kwa hiyo: hakuna dawa ya meno, magadi, ukwaju, wala dawa ya kung'arishia vyombo. Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa, mikono ikiwa mikavu. Ikiwa na udongo, iloweke kwenye maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke wake, kisha uiache ikauke bila kusugua.

Uhifadhi ndio unaowashinda wengi wa pwani. Hewa ya Mombasa, Unguja au Maskati ina chumvi na unyevu, na bronzi huota kutu ya kijani. Tumia vifuko vya karatasi ngumu vyenye dirisha la plastiki ya mylar, uviweke kwenye kopo lenye kifuniko kinachokaza, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Epuka albamu za plastiki laini yenye harufu kali, ile ya PVC. Baada ya miaka hutoa utelezi wa kijani unaokula sarafu.

Nane, rudi nyuma

Ukishazoea, teremka. Shilingi za George wa Tatu za 1816 hadi 1820 zinapatikana kwa bei ya kibinadamu. Peni na peni mbili za shaba za 1797 zilichapwa Birmingham na Matthew Boulton kwa mashine za mvuke; peni ilitengenezwa iwe na uzito wa aunsi moja kamili, na peni mbili aunsi mbili. Ukiishika peni mbili hiyo utaelewa kwa nini watu waliita pesa mzigo.

Huko nyuma kuna Isaac Newton, aliyeingia kwenye kiwanda cha sarafu 1696 na kukisimamia hadi alipokufa 1727, akiwafuatilia waghushi hadi mahakamani. Kuna Charles wa Kwanza, ambaye askari wake waliozingirwa katika mji wa Newark mwaka 1645 na 1646, wakati wa vita vyake na Bunge, walikata vyombo vya fedha vipande vyenye pembe nne na kuvifanya pesa. Alikatwa kichwa 1649, na sarafu zilizofuata ziliandikwa Kiingereza badala ya Kilatini. Kuna Henry wa Nane, aliyechanganya shaba hadi fedha ikabaki theluthi. Pua ya sura yake ilipochakaa ikaonekana nyekundu.

Na kuna gini. Ilianza 1663 chini ya Charles wa Pili, na jina lake ni la pwani ya Guinea, dhahabu ilikotoka. Baadhi yake zina tembo mdogo chini ya shingo ya mfalme. Tembo huyo ni alama ya kampuni ya kifalme iliyoleta dhahabu hiyo, na kampuni hiyohiyo ilikuwa ikisafirisha watu wa Afrika utumwani ng'ambo ya Atlantiki, ikiongozwa na mdogo wa mfalme, James. Nimeiona moja nyuma ya kioo. Sijui kama nitaweza kununua, lakini nilisimama pale muda mrefu kuliko mbele ya taji lolote. Ukikusanya sarafu za wafalme, andika na hilo kwenye daftari lako.

Kwa mnaoishi Uingereza na Wales na mnaotumia vifaa vya kutafutia vyuma mashambani: kwanza upate ruhusa ya mwenye shamba. Ukikuta sarafu mbili au zaidi mahali pamoja, zenye miaka zaidi ya 300 na zenye dhahabu au fedha angalau asilimia 10, sheria ya 1996 inataka uripoti ndani ya siku 14. Scotland wana sheria yao, nayo ni kali zaidi.

Mwisho, daftari

Kila sarafu iwe na kikaratasi: mtawala, mwaka, thamani, uzito ulioupima mwenyewe, umeipata wapi, kwa kiasi gani, na kwa nani. Hicho cha mwisho wengi hukiruka. Kwenye kikaratasi cha senti kumi yangu pameandikwa: Edward VIII, 1936, Afrika Mashariki, herufi H. Kiwanda cha Heaton kilikuwa Icknield Street, Birmingham, kilifungwa 2003. Mimi naishi Birmingham, na huwa napita mtaa huo nikienda kazini. Mstari wa mwisho unasema: kutoka pindo la khanga ya shangazi, Tanga, bila malipo.